Nembo ya ofisi ya wastaafu wa jeshi: tulivyoitafuta, tulivyoigombania

Kama chama chenu cha wanajeshi wastaafu kimeamua kutafuta nembo, neno la kwanza mtakalolisikia mezani ni simba. La pili ni bunduki. Sisi tulianzia hapo hapo, na simba wetu wa kwanza walikula shilingi elfu kumi na mbili kabla hatujajua kwamba haturuhusiwi kuwatumia.

Ofisi yetu iko Nakuru, chumba kimoja ghorofani, meza mbili na kabati la chuma lisilofunga vizuri. Hatuandai gwaride wala hatujengi minara ya kumbukumbu. Tunafuatilia haki za watu: mjane ambaye jina lake katika cheti cha ndoa halilingani na lile mumewe aliloandikisha jeshini, koplo aliyerudi na goti bovu akaambiwa ulemavu wake hautoshi kulipwa, mzee aliyepoteza cheti cha kuachishwa kazi na sasa hana cha kuonyesha. Mimi sikuwahi kuwa mwanajeshi. Baba yangu alikuwa sajini, nimekulia karibu na kambi ya Lanet, na hapo ofisini mimi ndiye karani. Kwa hiyo kila jambo linalohitaji kuandikwa, kufuatiliwa au kupigiwa simu huangukia kwangu, na nembo ikaangukia kwangu pia.

Haja yenyewe haikuwa ya kujipamba. Barua zetu zilikuwa zinakwenda kwenye maofisi bila kichwa, na mtu anayepokea barua isiyo na kichwa huiweka chini ya nyingine. Benki ilitaka muhuri. Halafu mwaka 2022 Kenya ikapata sheria ya maveterani wa jeshi, wazee wakachangamka, wakaona wakati wa kujulikana rasmi ndio huu. Mwenyekiti wetu, meja mstaafu, akasema tusiendelee kuandika barua kama watu wanaoomba msaada wa harusi.

Kamati ikaundwa. Wanaume watano na mimi. Kumbuka hesabu hiyo, maana baadaye ilituletea shida.

Tulimpa kijana mmoja wa kompyuta kazi ya kuchora. Aliambiwa: simba wawili, ngao katikati, bunduki mbili zimepishana nyuma yake, bendera juu, utepe chini. Akachora vizuri, sikatai. Tukampelekea mzee mmoja mwenye duka la kuchapisha atutolee karatasi za barua. Akavaa miwani, akaangalia, akaturudishia. "Leteni kwanza barua ya ruhusa." Ruhusa ya nini? Akatuonyesha noti aliyokuwa nayo mfukoni. Nembo ya taifa ina simba wawili wenye mikuki, ngao katikati ikiwa na jogoo aliyeshika shoka, na chini yake Harambee. Ondoa jogoo, weka bunduki, na yetu ilikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

Usiku huo nikatafuta sheria yenyewe, Sura ya 99 ya Sheria za Kenya, inayolinda bendera, nembo na majina ya taifa. Si ndefu. Ukiwa na nembo kichwani, isome kabla ya kumlipa mchoraji, si baada ya. Bendera na nembo ya taifa havitumiki kibiashara wala kichama bila kibali, na kitu kinachofanana navyo kinaweza kukuingiza matatani vilevile. Bunduki zenyewe hazikuwa na tatizo kwa sheria hiyo, lakini mwenyekiti alitaka pia tuongeze beji ya kikosi chake cha zamani, na hapo tukakutana na Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012. Vitu vya jeshi ni vya jeshi. Kwamba uliivaa beji hiyo miaka ishirini hakukupi haki ya kuichapa kwenye barua za chama. Mwenyekiti alinyamaza siku nzima. Nilimwonea huruma, kwa sababu kwake ile beji si picha.

Mwingine akapendekeza msalaba mwekundu, maana tunasaidia pia wagonjwa na waliolemazwa. Huo nao haupatikani. Unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949 na sheria za nchi zilizoitia sahihi, Kenya ikiwemo. Ni alama ya kumlinda daktari na majeruhi vitani, si ya kila mwenye nia njema. Nilishangaa kwamba wanajeshi wastaafu watano mezani, wote waliofundishwa Mikataba ya Geneva wakiwa kazini, waliruka jambo hilo. Tulicheka sana lakini.

Basi tukaacha wanyama tukaenda kwenye rangi. Katika majeshi mengi yaliyorithi desturi za Uingereza, buluu iliyoiva ni ya jeshi la majini, nyekundu ya jeshi la nchi kavu, na buluu ya angani ya jeshi la anga. Mchoraji akatengeneza ngao yenye mistari mitatu ya rangi hizo. Mzee wetu mmoja aliyekuwa manowari huko Mtongwe alifurahi hadi akanunua chai ya watu wote. Ilikuwa nzuri kwenye simu. Ilikuwa nzuri kwenye kioo cha kompyuta. Nikaitoa fotokopi.

Hilo fanyeni mapema, ndugu zangu. Barua ya mjane haitaishi kwenye simu yenye rangi; itapigwa fotokopi, kisha fotokopi ya fotokopi, itapigwa picha na kutumwa WhatsApp, itawekwa kwenye faili, itachapwa tena na mashine ambayo wino wake umebaki kidogo. Ngao yetu ya rangi tatu ilitoka kama doa moja la kijivu. Waliobuni ngao za zamani kule Ulaya walilijua jambo hili kabla ya fotokopi kuwako: kanuni yao ni kwamba rangi iliyoiva haikai juu ya rangi iliyoiva nyingine, bali juu ya dhahabu au nyeupe, na dhahabu na nyeupe nazo hazipandiani. Sababu ni ya vitani kabisa. Ngao ionekane kwa mbali, kwenye vumbi, na aliye upande wako asikuchome mkuki. Mzee wa majini alipoona ile fotokopi aliniambia niibadilishe mashine. Nikamwambia, mzee wangu, mashine za maofisi yote ya Kenya siwezi kuzibadilisha.

Kisha ukaja ubishi mrefu kuhusu historia, na huo sikuujutia. Mmoja wetu, ambaye baba yake alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) na akafika Burma mwaka 1944, alitaka kichwa cha kifaru. Ndiyo iliyokuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana huko kwenye mvua na matope. Akatueleza baba yake alivyorudi na malipo kidogo ya kuagwa. Nikamsomea habari iliyotoka mwaka 2019, jinsi nyaraka za zamani zilivyoonyesha kwamba Waingereza waliwalipa askari Waafrika kiasi kilichofika theluthi moja tu ya kile alicholipwa mzungu wa cheo kile kile. Hakushangaa. Alisema, "Sisi tulijua hesabu hiyo nyumbani, karatasi ndiyo tulikosa." Hata hivyo kifaru hakikupita. Watu wanaopanda ngazi zetu leo ni waliokwenda kulinda amani Namibia mwaka 1989, waliokwenda Yugoslavia ya zamani, na wajane wa shambulio la El Adde, Somalia, la Januari 2016. Kifaru kingewaambia nini?

Vivyo hivyo ua jekundu la popi, linalovaliwa tarehe 11 Novemba. Mwenyekiti hulivaa kila mwaka na ana haki. Lakini ni ua la mashamba ya Flanders, Ubelgiji, ambako liliota juu ya udongo uliochimbuliwa na mizinga. Vita hiyo hiyo, ya Kwanza ya Dunia, ilipiganwa hapa kwetu, Taveta na Salaita, mwaka 1916, na popi haikuota huko. Nilisema hivyo kwenye kikao nikaonekana mkorofi kidogo.

Wakati huo tulikuwa tumekwama. Pesa za mchoraji zilikuwa zimekwisha mara mbili, na kila mtu alikuwa na nembo yake kichwani. Kilichotutoa ni safari ya Nairobi niliyokwenda kwa jambo jingine kabisa, kumsindikiza mama mmoja wa Rongai, mjane, kufuatilia faili lake. Tulipomaliza tukapita Kenyatta Avenue, penye zile sanamu tatu za shaba za Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wa Nairobi hupita hapo kila siku wakikimbilia matatu. Moja ni ya askari wa KAR, nyingine ya mpiga bunduki Mwarabu, ya tatu ya mpagazi. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi.

Mama akauliza, "Huyu wa mizigo, alilipwa?"

Nikamwambia ninachokijua. Kwamba jina la Kariokor hapo Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam, ni masalio ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Kwamba walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na kwamba wengi waliokufa mishahara yao haikufika kwao. Kwamba mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Mama alikuwa ameshika mfuko wa nailoni wenye karatasi zake zote: kitambulisho, cheti cha kifo, picha ya mume akiwa na bereti, barua tatu za kuambiwa asubiri. Akasema, "Basi faili lake bado liko wazi," tukaenda kutafuta gari.

Nilirudi ofisini na jambo moja tu la kusema: nembo yetu si ya waliokaa mezani, ni ya anayepanda ngazi na mfuko wa nailoni. Na kati ya hao, wengi ni wanawake. Kamati haikuwa na mjane hata mmoja. Nikaomba waingizwe watatu. Kulikuwa na minong'ono, kwamba wao hawakutumikia jeshi, lakini mwenyekiti, nampa heshima yake, alikata shauri hapo hapo. Kama chama chenu kinafanya kazi ya haki za wastaafu na familia zao, waingizeni mwanzoni. Sisi tungeokoa nusu ya gharama.

Kikao cha kwanza pamoja nao kilikuwa kifupi. Bunduki ilikufa bila mjadala. Mmoja alisema tu kwamba hawezi kubeba karatasi yenye bunduki kwenda nayo shuleni kuombea mtoto karo, na hakuna mwanamume aliyejibu. Mizani ya haki pia ikakataliwa. Mama mwingine alisema mizani anayoijua yeye ni ya mwenye bucha, na huwa inamwibia. Ndipo nikaeleza habari za mpagazi, na mama wa Rongai akachukua leso yake, akaizungusha mkononi, akaiweka mezani. Kata. Lile duara unaloweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi au mzigo wa kuni.

Nembo nyingi za kijeshi huzungushiwa shada la majani ya laureli, desturi iliyotoka Roma, la mshindi. Sisi tungezungushia kata. Mpagazi wa 1916 alikuwa nayo, mke wa askari anayo, na hata kuruta anajua uzito wa mzigo wa kubebeshwa. Mchoraji alipoambiwa aisuke kwa nyuzi tatu, jeshi la nchi kavu, la majini na la anga, mzee wa Mtongwe akarudi kwetu moyo wote. Na nyuzi tatu zilizosukwa zinaonekana hata kwenye fotokopi mbaya, kwa sababu ni umbo, si rangi.

Ubishi mmoja ukabaki. Yule mwana wa askari wa Burma alitaka kata iachwe na pengo dogo chini, isikutane, kuonyesha deni ambalo halijalipwa. Lilikuwa wazo zuri na mimi nililipenda. Akina mama walilikataa kwa sababu nyepesi: kata iliyoachana humwaga maji. Alijaribu kueleza kwamba ni ishara tu. Wakamwambia ajitwike mtungi aone ishara. Duara likafungwa.

Katikati tukaweka ngao ndefu ya mviringo, bila simba na bila rangi za bendera. Ngao hiyo ilijazwa vitu vingi katika michoro: mwenge, kitabu, mikono inayoshikana. Hatimaye tukaiacha tupu, na sababu ilitokana na kazi yenyewe. Mtu akija kwetu, swali la kwanza ni namba ya jeshi ya mhusika. Wazee wanaitaja bila kufikiri, hata aliyesahau mwaka wa kuzaliwa. Wajane pia, nimemwona mama aliyechanganya tarehe ya harusi yake lakini namba ya mumewe akaitaja kwa pumzi moja, tarakimu zote, kwa sauti ileile ya kijeshi aliyoisikia kwake. Kwa hiyo tukatengeneza mihuri miwili. Wa barua una ngao tupu. Wa faili ni mkubwa zaidi, na ukishaupiga kwenye jalada, unaandika namba ya jeshi ndani ya ngao kwa kalamu. Kila faili lina nembo iliyojazwa na mwenyewe. Anayefungua kabati haitafuti jina, maana majina ndiyo yanayotusumbua, anatafuta namba.

Kuhusu kuifanya rasmi: Kenya ina taasisi yake ya nembo, College of Arms, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1968, na watu wengi, hata mawakili, hawajui kwamba iko. Alama ya biashara ni jambo jingine na inakwenda KIPI, ofisi ya serikali inayosajili alama hizo. Jiulizeni mnataka nini. Kama mnauza fulana na hamtaki mtu aziige, nendeni KIPI. Kama mnataka nembo ya taasisi itambuliwe kuwa ni yenu, ulizieni College of Arms. Andaeni maelezo ya maneno yanayojitosheleza, ambayo mchoraji asiyewajua anaweza kuyasoma akaichora upya bila kuona picha: umbo, rangi, kilicho juu ya nini. Kuandika maelezo yale kulinifunza zaidi ya kuchora. Ukishindwa kuyaandika kwa aya moja, nembo yako ina vitu vingi mno.

Gharama sasa, maana hizi huwa hazisemwi. Mchoraji wa mwisho alichukua elfu kumi na nane, na tukakubaliana kwa maandishi kwamba mchoro ni wa chama na kwamba atatupa faili la asili, lile linaloweza kukuzwa bila kuharibika, si picha ya simu. Yule wa kwanza alituachia picha tu, na tulipotaka bango ikawa vumbi. Mihuri miwili haikufika elfu nne. Kilichotuuma ni kushona: fundi wa mashine ya nakshi hakubali kazi ya vipande vichache, na tulilazimika kuagiza beji mia moja wakati wanachama wanaovaa bereti hawafiki arobaini. Zilizobaki ziko kabatini. Pia nyuzi za kata zilikuwa nyembamba mno kwa sindano, akazinenepesha bila kutuuliza, kwa hiyo beji na barua hazifanani kabisa. Kabla ya kuidhinisha mchoro, mpelekeeni fundi kipande kimoja cha majaribio hata kama atadai hela.

Barua zinajibiwa zaidi sasa? Baadhi. Sitamdanganya mtu kwamba duara la leso limefungua milango ya maofisi. Ninachoweza kusema ni kwamba wale wanaokuja kwetu huiangalia ile karatasi kabla ya kuikunja, na wanawake wa makamo hawaulizi maana yake. Wanaouliza ni vijana wa mjini.

Utepe wa chini, unaotakiwa kuwa na maneno, bado hauna kitu. Mwenyekiti anataka Kilatini. Mama wa Rongai anataka "Faili liko wazi", na yule wa majini anasema hayo ni maneno ya karani, akinitazama mimi. Tumeahirisha hadi mkutano mkuu, na mchoraji ameshatuonya kwamba kuongeza maneno ni elfu tatu zaidi, yakiwa mafupi.